UPS Inayolingana na Kompyuta Yako



Ndugu wanafunzi pamoja na wazazi wetu, katika toleo hili tumeonelea tuweke somo moja la vifaa kando ya masomo mengine mliyoyazoea. Kompyuta za mezani zimeenea katika ofisi za madrasa, katika shule na katika majumba ya watu hapa Dodoma, na nyingi ni zile zilizokwisha kutumika ambazo mzazi au mfadhili amezitoa kwa nia njema. Ndani ya kompyuta moja ya ofisi yamo majina ya wanafunzi wote, alama za mitihani za miaka kadhaa, hesabu za ada na orodha ya michango ya mayatima. Hizo ni amana za watu. Kompyuta ya mezani haina betri ya kuiendesha kama ilivyo laptop. Umeme ukikatika nayo inazimika papo hapo, hata kama ilikuwa katikati ya kuandika hesabu kwenye diski. Faili lililokuwa likiandikwa linaweza kubaki nusu, na faili la nusu mara nyingine halifunguki tena.

Dawa yake inajulikana, nayo ni kile kisanduku kizito chenye betri ambacho mafundi na wauzaji wote wanakiita UPS. Tatizo ni kwamba wengi wanainunua kama wanunuavyo ndoo, yaani kubwa kwa bei ndogo. Wakifika nyumbani umeme unakatika, UPS inalia mara moja, na kompyuta inazimika vilevile. Hapo huambiana kwamba UPS zote ni uongo. Mara nyingi UPS ile si mbovu wala kompyuta si mbovu, ila viwili hivyo havikulingana. Basi somo letu ni hilo: namna ya kuchagua UPS inayolingana na kompyuta uliyonayo, kabla pesa ya mchango haijatoka.

Umeme hukatika kwa sababu nyingi

Wakubwa wetu wanakumbuka mwaka 2006, ukame uliposhusha maji ya mabwawa ya kuzalisha umeme, likiwemo la Mtera lililopo hapa mpakani mwa Dodoma na Iringa, na nchi nzima ikaingia katika mgawo. Ndugu zetu wa Unguja waliona makubwa zaidi: walikaa gizani takriban mwezi mmoja mwaka 2008, kisha takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, kwa hitilafu katika njia inayoleta umeme kutoka bara. Na kule Kenya, tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. (Tumbili mwenyewe alisalimika.)

Leo tunalo bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mashine zake tisa zilikamilika mwaka 2025. Hiyo ni neema kubwa. Lakini wingi wa umeme Rufiji hauzuii nguzo kuanguka kwa upepo wa Dodoma, wala radi ya Januari kupiga laini, wala fyuzi ya transfoma ya mtaa kuungua saa ya magharibi. Kukatika kwa dakika mbili kunaharibu faili sawasawa na kukatika kwa siku mbili.

Hapa inafaa tuweke jambo moja wazi, kwa sababu wengi huanza kukosea hapa. UPS ya kawaida haikununuliwa ili uendelee na kazi umeme usipokuwepo. Imenunuliwa ili upate dakika za kuhifadhi ulichoandika, kufunga programu na kuzima kompyuta kwa adabu. Anayetaka kufanya kazi saa tatu gizani anahitaji kitu kingine, aghalabu inveta na betri kubwa, au sola, na jua la nyanda hizi za kati halina uhaba. Na kama kazi yake ni kuandika tu na kompyuta bado hajanunua, ushauri wetu ni anunue laptop, kwani betri yake ndiyo UPS yake na somo lote hili halimhusu.

Ndani ya kisanduku

Ukifungua UPS ndogo (usifungue, tunakueleza tu) utakuta betri ya risasi na asidi iliyofungwa, kwa kawaida ya volti 12 na ampea-saa 7 au 9. Ipo chaja ya kuijaza, ipo sehemu ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na ipo swichi inayohamisha mzigo kutoka ukutani kwenda kwenye betri.

UPS zimegawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la bei nafuu kabisa: umeme wa ukutani unapita moja kwa moja kwenda kwenye kompyuta, na betri inasubiri. Fungu la pili linafanya hivyo hivyo, lakini ndani yake kuna stabilaiza inayopandisha umeme ukiwa mdogo na kuushusha ukizidi, bila kuigusa betri. Fungu la tatu huendesha kompyuta kutoka kwenye betri muda wote huku chaja ikiijaza, hivyo hakuna kuhama kabisa. Hilo ni la gharama, nalo hutumika zaidi hospitalini, benki na kwenye seva.

Kwa sisi watu wa mkoani, fungu la pili ndilo tunalolipendekeza. Umeme wetu ni wa volti 230, lakini aliyeko mwisho wa laini ndefu anajua jinsi taa zinavyofifia jioni kila mtu anapowasha vitu. UPS ya fungu la kwanza ikiona volti zimeshuka sana inadhani umeme umekatika, inahamia kwenye betri. Jioni nzima itakuwa inahama na kurudi, na umeme ukikatika kweli saa mbili usiku, betri haina kitu. Tena betri inayochoshwa kila siku namna hiyo haimalizi mwaka. Kwa hiyo soma kwenye boksi kiwango cha chini cha volti ambacho UPS inakivumilia bila kutumia betri. Inayovumilia hadi volti 165 au hata 150 inafaa zaidi huku kwetu kuliko inayokata tamaa kwenye 190.

Namba kubwa na namba ndogo

Juu ya boksi utaona imeandikwa kwa herufi kubwa 650VA, au 1000VA, au 1200VA. Hiyo ndiyo namba ya kuuzia. Namba ya kununulia ni ile ya wati, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo pembeni au nyuma. VA ni volti ukizizidisha kwa ampea, na wati ni nguvu inayofanya kazi hasa. Katika UPS ndogo wati huwa kama nusu ya VA au zaidi kidogo, kiasi cha sehemu 5 hadi 6 kati ya 10. Kwa hiyo UPS ya 650VA inaweza kuwa na wati 325 tu, au 360, au 390, kutegemea aliyeitengeneza. Isiyoandikwa wati popote, mahali pake ni dukani, iache huko.

Sasa, kompyuta yako inakula wati ngapi? Wengi hugeuza lile kasha ambalo watu huliita CPU, wakasoma kwenye pawa saplai kwamba imeandikwa 450W, wakasema basi tununue UPS ya wati zaidi ya 450. Lakini hiyo 450 ni uwezo wa mwisho wa pawa saplai. Ni kama kikombe kinachoingia chai ya nusu lita. Haina maana kwamba kila siku kinajazwa. Kompyuta ya kawaida ya ofisi, isiyo na kadi kubwa ya picha za michezo, inatumia kati ya wati 40 na 100. Monita bapa ya inchi 19 hadi 22 inatumia kama wati 20 hadi 30. Zile monita za zamani zenye mgongo zilikula wati 70 hadi 90, na kama bado unayo hiyo, kuibadilisha kutakupa dakika nyingi zaidi kuliko kununua UPS kubwa.

Hizo ni namba za jumla, na mwanafunzi hodari haridhiki na namba za jumla. Ipo njia ya kupima mwenyewe bila kununua kipimo chochote, na kipimo kipo ukutani: ni mita ya LUKU. Kwenye mita kuna kitaa kidogo chekundu kinachowaka na kuzimika, na karibu yake pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba kitaa kikiwaka mara 1000, yuniti moja imekwisha. Yuniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, yaani wati 1000 kwa saa. Basi kila kikiwaka mara moja, umetumia wati moja kwa saa.

Fanya hivi. Zima kila kitu ndani ya nyumba: friji, taa, televisheni, chaja za simu. Tazama kitaa kama kimetulia. Kisha washa kompyuta na monita yake, bila UPS, uifanyie kazi zake za kawaida. Shika saa uhesabu kitaa kinawaka mara ngapi katika dakika 6. Kwa nini 6? Kwa sababu dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa, hivyo hesabu uliyopata ukiizidisha kwa 10 unapata wati. Kikiwaka mara 11, kompyuta na monita vinakula wati 110. Kama mita yako imeandikwa namba nyingine, tuseme 1600 au 2000, gawanya kwanza: 1000 ugawe kwa namba ya mita, upate kila mwako una thamani gani. Katika nyumba za kupanga ambako LUKU moja inatumiwa na vyumba sita, zoezi hili linahitaji majirani wenye subira, au lifanywe kwa jamaa mwenye mita yake peke yake.

Ukishapata wati zako, tafuta UPS ambayo wati zake si pungufu ya mara moja na nusu ya hizo. Wati 110 zinahitaji UPS ya wati 165 au zaidi, na hata ile ndogo ya 650VA inazidi hapo. Kwa hiyo wengi wetu hatuhitaji kubwa. Tuliyotayarisha somo hili tunaona ni afadhali pesa iliyobaki iende kwenye ubora wa wimbi, kama tutakavyoeleza sasa.

Wimbi la umeme

Umeme wa ukutani hausukumi upande mmoja tu kama wa betri. Unapanda na kushuka kama mawimbi ya bahari, mara 50 kila sekunde, kwa mkunjo laini usio na pembe. UPS za bei nafuu zinapogeuza umeme wa betri haziwezi kuchora mkunjo huo. Zinachora ngazi: zinapanda ghafla, zinakaa, zinashuka hadi sifuri, zinatulia hapo kidogo, kisha zinakwenda upande wa pili. Kwenye boksi la UPS ya namna hii utakuta maneno "simulated sine wave" au "stepped", au hutakuta neno lolote kuhusu wimbi. Zenye wimbi laini huandikwa "pure sine wave", na muuzaji hataacha kukuonyesha maneno hayo kwa sababu bei yake iko juu.

Pawa saplai za zamani hazikujali sana. Zilipokea ngazi zikaendelea. Lakini pawa saplai za miaka ya karibuni zina sakiti ya ziada ndani yake inayofuatisha wimbi la umeme na kuvuta mkondo kwa mpangilio, ili zisisumbue laini. Sakiti hiyo ikikutana na ngazi, na hasa ile sehemu ya kutulia kwenye sifuri, inachanganyikiwa. Inaweza kuvuta mkondo mkubwa kwa ghafla, UPS ikadhani imezidiwa mzigo ikajizima. Au pawa saplai yenyewe inajifunga. Kwako wewe uliyekaa mbele ya kioo matokeo ni yale yale: umeme umekatika na kompyuta imezimika, ingawa UPS ni mpya na wati zinatosha. Hili ndilo kutolingana ambako watu wengi hawakujui, na ndilo chanzo cha magomvi mengi kati ya wateja na wauzaji.

Utajuaje pawa saplai yako ni ya aina gani? Geuza kasha utazame nyuma, pale waya wa umeme unapoingia. Ukikuta kiswichi kidogo chekundu chenye maandishi 115 na 230, kwa kawaida hiyo ni ya zamani na itakubali ngazi. (Usikiguse kiswichi hicho. Ukikisogeza kwenye 115 na hapa kwetu umeme ni 230, utasikia mlipuko.) Usipokikuta, na kibandiko cha pawa saplai kimeandikwa 100-240V, au kina alama ya "80 PLUS", basi kuna uwezekano mkubwa kwamba ni ya kisasa. Alama ya 80 PLUS ilianza mwaka 2004, kwa hiyo hata kompyuta za mtumba zinazoletwa leo kutoka maofisi ya Ulaya nyingi zinaingia katika kundi hili.

Mwenye pawa saplai ya kisasa ana njia mbili. Ya kwanza ni kununua UPS yenye wimbi laini na kumaliza shauri. Ya pili, kama mfuko hauruhusu, ni kununua yenye ngazi lakini ya wati mara mbili au zaidi ya anazotumia, kwa sharti la kuijaribu na kompyuta ile ile kabla ya kukubali mauzo. Si kila pawa saplai ya kisasa hukataa ngazi. Nyingine zinapokea vizuri tu. Hakuna kibandiko kitakachokuambia, ni jaribio tu.

Liko na jambo la muda wa kuhama. UPS za fungu la kwanza na la pili huchukua kati ya milisekunde 4 na 10 kuhamia kwenye betri, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika mwanya huo kompyuta huishi kwa akiba iliyomo kwenye kapasita za pawa saplai, ambazo zikiwa nzima zinashikilia kama milisekunde 16 au zaidi. Hesabu inakubali. Lakini kompyuta iliyofanya kazi miaka kumi ofisini Ulaya kabla ya kuja kwetu inaweza kuwa na kapasita zilizochoka. Ikiwa kompyuta ya mtumba inazimika kila mara umeme unapokonyeza macho, wakati UPS hiyo hiyo inashikilia kompyuta ya jirani, mwambie fundi aangalie pawa saplai kabla hujaitukana UPS.

Soketi, ardhi na printa

Tazama nyuma ya UPS kabla ya kulipa. Nyingine zina soketi za pini tatu za mraba kama za ukutani kwetu, na nyingine zina matundu ya ule waya wa kompyuta, ambayo yanataka waya wenye dume upande mmoja na jike upande wa pili. Waya huo ni wa bei ndogo, lakini usipoutafuta siku ile ile utaishia kukata plagi na kuunga kwa selotepu, jambo ambalo hatulitaki. Angalia pia kama soketi zote zinatoka kwenye betri. Baadhi ya UPS zina soketi zilizoandikwa "surge only". Hizo zinakinga mshtuko wa umeme tu, na ukichomeka kompyuta hapo ni kama huna betri.

Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS kabisa. Ndani yake kuna kipasha moto kinachovuta mamia ya wati kwa mara moja, mara nyingine karibu na 1000, na kitaizima UPS ndogo hata umeme ukiwepo. Pasi, feni na friji vivyo hivyo vina soketi zao ukutani.

Kuhusu waya wa ardhini, ambao mafundi wanauita ethi: kinga ya mshtuko iliyomo ndani ya UPS, ile ya kukabiliana na umeme unaorudi kwa nguvu au wa radi, kwa sehemu kubwa hutegemea kumwaga ziada ile ardhini. Plagi ya pini mbili, au nyumba ambayo ethi haikuungwa, inaidhoofisha kinga hiyo. Na sisi wa Dodoma tuna shida yetu wenyewe. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, na udongo wetu hukauka tangu Mei hadi Novemba. Ethi iliyopimwa ikaonekana nzuri Februari inaweza kuwa dhaifu Oktoba. Mvua za kwanza na radi zake huja mara tu baada ya kiangazi hicho, ardhi ikiwa bado kavu. Mfumbuzi ni fundi mwenye leseni kuipima ethi wakati wa kiangazi, na ikibidi kuizamisha zaidi. Hata hivyo, radi ikikaribia, chomoa kila kitu, na waya wa intaneti pia kama upo. Hakuna UPS ya mezani inayoshindana na radi iliyopiga karibu.

Wanaotumia jenereta nao wajue kwamba jenereta ndogo za petroli haziishiki vizuri ile mara 50 kwa sekunde. UPS ikiona umeme unayumba inaukataa, inabaki kwenye betri hadi inaisha huku jenereta inanguruma nje. Baadhi ya UPS zina kitufe au mpangilio wa kupunguza wepesi wake wa kushtuka, na kwa mwenye jenereta ni sifa ya kuulizia.

Dukani

Katika fiqhi ya biashara mmesoma mlango wa khiyari. Hapa ndipo unapofaa. Mwombe muuzaji khiyari ya sharti, kwamba utaijaribu na kompyuta yako na usiporidhika utairudisha. Na katika madhehebu ya Imamu Shafii muda wake hauzidi siku tatu. Siku tatu zinatosha sana: usiku mmoja wa kuchaji, siku moja ya kujaribu, na moja ya ziada. Mkubaliane wakati wa mauzo, na afadhali yaandikwe kwenye risiti. Kuwepo kwa kasoro iliyofichwa ni khiyari nyingine, ya aibu, lakini UPS yenye ngazi kukataliwa na pawa saplai yako si kasoro ya bidhaa. Muuzaji hakukudanganya. Ndiyo maana sharti lako ulitaje mapema.

Uliza pia tarehe ya betri. Betri ya risasi iliyokaa kwenye rafu mwaka mzima bila kuchajiwa huharibika ndani kwa ndani, na boksi linaweza kuwa jipya linang'aa. UPS iliyotumika ikiuzwa kwa bei ya kuvutia, ihesabie na bei ya betri mpya.

Jaribio lenyewe ni hivi. Ichaji UPS usiku kucha. Unganisha kompyuta na monita, fungua faili lisilo na thamani, kisha zima swichi ya soketi ukutani. Usichomoe plagi, kwa sababu swichi ya soketi hukata umeme lakini huacha ethi ikiwa imeungwa, na kuchomoa kunaondoa vyote. Kompyuta ikiendelea, washa, subiri kidogo, rudia mara mbili tena. Mara ya mwisho iache kwenye betri upime dakika hadi UPS inapoanza kulia kwa haraka, kisha zima kompyuta kwa utaratibu. Kwa betri ya ampea-saa 7 na mzigo wa wati 110, tegemea kama robo saa ikiwa mpya. Mtu aliyesoma hesabu atasema volti 12 mara 7 ni 84, na 84 kwa 110 ni zaidi ya dakika 45. Kweli, lakini ile 7 hupimwa betri ikitolewa polepole kwa saa 20. Ukiinyonya kwa haraka inatoa kama nusu tu, na kugeuza umeme nako kunakula chake.

Ziandike dakika hizo kwenye karatasi uibandike juu ya UPS. Kila muhula rudia jaribio hilo. Zikifika nusu ya zile za kwanza, betri inakwenda.

Kama UPS ina waya wa USB wa kuunganisha na kompyuta, uunganishe. Kompyuta itajizima yenyewe betri ikikaribia kuisha, hata ustadh akiwa msikitini.

Joto, vumbi na betri ya gari

Betri hizi hudumu miaka 3 hadi 5 zikikaa penye joto la nyuzi 20 hadi 25. Kila joto linapozidi kwa nyuzi kama 8 hadi 10, umri wake hupungua kwa nusu hivi. Chumba cha bati kisicho na dari hapa kwetu mwezi wa Oktoba au Novemba kinapita nyuzi 30 kwa urahisi, kwa hiyo usishangae betri ikidumu miaka miwili. Iweke UPS chini penye kivuli, mbali na dirisha la jua, isigusane na ukuta, isifunikwe kitambaa cha kudarizi hata kama kimeshonwa na dada zetu. Vumbi la kiangazi lipanguswe matundu ya hewa kila mwezi.

Betri ikifa, inabadilishwa peke yake. Ichukue ya volti zile zile na ukubwa ule ule wa umbo. Mafundi wengine wa mtaani hukushauri uunge betri ya gari nje ya UPS ndogo ili ukae saa nyingi. Tunakataza jambo hili ndani ya majengo yetu. Transfoma ya UPS ndogo imetengenezwa kubeba mzigo dakika chache. Ikibeba saa mbili inachemka na inaweza kuwaka moto. Chaja yake ndogo haiwezi kuijaza betri kubwa. Na betri ya gari isiyofungwa ikichajiwa hutoa hewa inayoshika moto, ndani ya chumba wanamokaa watoto. Betri iliyokufa usiitupe jalalani wala kuichoma, ina risasi na asidi. Wapo wanaonunua betri chakavu, wapelekee.

Maswali ya kujipima

1. Mita imeandikwa 1600 imp/kWh. Kompyuta na monita zikiwa peke yake, kitaa kiliwaka mara 16 katika dakika 6. Zinatumia wati ngapi?

2. UPS ya 1000VA ina wati 600. Kompyuta inatumia wati 120, na ofisi inataka kuchomeka humo humo printa ya leza. Utawajibu nini?

3. Kompyuta ina alama ya 80 PLUS na UPS haikuandikwa lolote kuhusu wimbi. Muuzaji anasema "ikishatoka dukani hairudi". Utanunua au hutanunua? Eleza kwa nini.

4. Kwa nini katika jaribio tunazima swichi ya ukutani badala ya kuchomoa plagi?

Majibu yaandikwe kwenye daftari na yaletwe kwa ustadh wa kompyuta wiki ya pili ya muhula.